Jukwaa la Magunia ya Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa debe la tapentaini, brashi zilizokauka hadi zikawa ngumu, na amri moja: nisipande kitu chochote. Hiyo ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika yadi ya kontrakta mmoja Kalasinga, mzee wa kilemba cheupe, aliyejenga na kupaka rangi maduka ya mjini na nyumba za mashambani. Mimi ni Nekesa. Wakati huo nilikuwa na watoto wawili, mume aliyeendesha trekta huko Saboti, na nilikuwa nimechoka kupalilia mahindi ya watu wengine.

Amri ilitoka kwa Nyapara. Ndivyo tulivyomwita, jina lake hatukulitumia. Alikuwa msimamizi wetu, na neno lake lilikuwa zito kuliko la Kontrakta mwenyewe, maana Kontrakta alipita mara moja kwa siku na Nyapara alikuwepo saa zote. Aliniambia nisimame karibu na ukuta, ninyooshe mkono juu kadiri ninavyoweza. Akachukua chaki, akachora mstari pale vidole vyangu vilipoishia.

"Mayi, mama, kazi yako inaisha hapa," akasema. "Kutoka hapa kwenda juu ni ya wanaume."

"Kwa nini?"

"Ati kwa nini! Si wewe ni Mbukusu? Ulilelewa wapi, bana? Mwanamke hapandi nyumba."

Mwiko huo niliujua. Kwetu Kimilili mwanamke akionekana juu ya paa, watu huuliza ni nani huyo anayetaka kumzika mumewe. Lakini mwiko niliofundishwa na nyanya yangu ulihusu paa la boma lako. Haukusema kitu kuhusu silingi, yaani dari, ya duka la kuuza mabati mjini Kitale. Nyapara aliuvuta mwiko ukafika pale alipotaka ufike, kwa sababu kazi ya juu ndiyo iliyomfanya mtu aitwe fundi, na walioitwa fundi walikuwa yeye na ndugu zake. Nilikasirika siku ile na sijaacha kukasirika mpaka leo. Watoto wangu husema, "Mama, hasira zitakuua." Mbona hazijaniua?

Sasa tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana siku hizi mtu ananunua rola asubuhi na ikifika saa sita ameshajiita fundi. Zamani ukuta ulipigwa msasa kwanza. Kisha nyufa zinajazwa puti, inafuata praima ya kushika, halafu andakoti, rangi ya chini, ndipo rangi ya mwisho inapanda. Ukiruka hatua moja, mvua mbili tu na rangi inabambuka. Na kitu ambacho hakuna anayewaambia ni kwamba kupaka rangi ni kazi ya kusimama. Pale unaposimama ndipo panapoamua mkono utapaka vipi. Ukisimama juu ya kitu kinachoyumba, roho yako iko miguuni, na mkono unabaki hauna mwenyewe.

Tulikuwa na vitu vitatu vya kusimamia. Kulikuwa na ngazi, ambayo ni ya kupandia tu. Usipake ukiwa juu ya ngazi kama unaweza kuepuka, maana mkono mmoja unashika ngazi, wa pili unashika brashi, na debe la rangi litashikwa na nani? Kulikuwa na jukwaa la vyuma, yale mabomba yanayofungwa pamoja yakawa kama ghorofa bila kuta. Hilo lilikuwa mali ya Kontrakta na Nyapara alililinda utadhani alilizaa. Na kulikuwa na farasi: ubao mmoja mnene wa mgongo na miguu minne iliyopanuliwa. Ukiwa na farasi mbili unaweka ubao mpana juu yake, na umepata mahali pa kutembea.

Mimi nilikabidhiwa farasi, kwa sababu milango ilikuwa kazi ya chini. Mlango unang'olewa kwenye bawaba zake, unalazwa juu ya farasi mbili, unapakwa ukiwa umelala ili rangi isitiririke. Farasi za yadi zilikuwa mbovu, zinacheza miguu. Kwa hiyo nilianza kutengeneza zangu. Kwenye kinu cha kupasua mbao, njia ya Saboti, walikuwa wakichoma mabaki ya saipresi kila Ijumaa. Niliwaomba kabla hawajawasha moto. Walinicheka, wakanipa. Mume wangu aliyabeba mabaki hayo kwenye trela ya trekta, nami nikajifunza kwa kukosea: mguu mmoja hupigiliwa misumari miwili wala si mmoja, miguu ya kila upande hufungwa kwa ubao wa kukatisha katikati, na chini ya kila mguu unapigilia kipande cha tairi kuukuu ili usiteleze kwenye sakafu ya simenti. Farasi hizo zilidumu kuliko ndoa za watu wengi wa yadi ile.

Siku moja Kontrakta alikuja akakaa juu ya farasi yangu akinywa chai. Akainuka, akaitikisa, haikutikisika.

"Hii nani tengeneza?" akauliza.

"Mimi, Mzee."

"Nyapara nasema yeye."

"Basi mwambie atengeneze nyingine hapa mbele yako."

Nyapara alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alijifanya anahesabu madebe. Kontrakta alicheka mpaka akamwaga chai, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza mambo ya kazi moja kwa moja bila kupitia kwa mtu.

Nilikaa pale miaka mitano. Tulipaka maduka ya Kitale, tulipaka nyumba kubwa za mashamba ya Saboti, tulipaka zahanati moja Kimilili, na kote huko nilipaka kuanzia kimo cha vidole vyangu kwenda chini. Mstari wa chaki ulifutika kwenye ukuta wa kwanza, ila Nyapara alikuwa akiubeba kichwani popote tulipokwenda. Wanaume waliokuja baada yangu, ambao mimi ndiye niliyewaonyesha namna ya kushika brashi, walipanda jukwaani mwezi wa kwanza. Nilikuwa nikiwatazama kutoka chini, rangi yao ikinidondokea kitambaani.

Nilichotaka kilikuwa kimoja. Kulikuwa na mtihani wa serikali wa mafundi, wa gredi, na ukifaulu unapewa cheti, na mwenye cheti hakuna anayemwambia kazi yake inaisha wapi. Ili kuingia nilihitaji barua ya Kontrakta kwamba naijua kazi. Nikamwendea.

"Mama, wewe iko mkono mzuri sana," akasema. "Lakini mimi hapana andika uongo. Mimi sijaona wewe paka juu. Paka nyumba moja mzima, juu mpaka chini, mimi naona kwa macho yangu, mimi naandika."

"Basi niruhusu nipande jukwaa."

Akamwita Nyapara. Nyapara hakusita hata kidogo. "Mzee, huyu akipanda, vijana wote wanashuka. Leo leo. Utabaki na yeye peke yake."

Kontrakta alinitazama, akatazama jukwaa lake na watu kumi na wawili waliokuwa juu yake, akainamisha macho. Sikumlaumu sana. Mwisho wa mwezi huo niliaga. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya trekta kwenye mashamba ya miwa upande wa Bungoma, nami nikafunga brashi zangu kwenye kanga na kumfuata. Farasi zangu mbili nilizibeba. Nyapara alisema ni za yadi. Nikamwambia aniguse aone.

Bungoma nilimwambia mume wangu kwamba natafuta nyumba ya kupaka nzima, mpaka kwenye kilele. Alikuwa mtu mpole, Mungu amrehemu.

"Ukianguka je?"

"Nitaamka."

"Watu watasema unanitafutia kifo."

"Wewe unasemaje?"

Akafikiri. "Mimi nasema ule kwanza, umekonda."

Nyumba nilipata kwa Mwalimu Robai, mjane aliyekuwa akifundisha shule ya msingi na kukaa njia ya Kibabii. Nilimpakia milango miwili akaipenda, akanionyesha nyumba yote. Mumewe aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaipiga plasta, akafa kabla haijaguswa na rangi. Jamaa za mume walikuwa wakiiita nyumba ya marehemu, kana kwamba ndani yake hakuna mtu anayeishi. Mwalimu alisema, "Nataka ipakwe yote, iwe nyumba yangu. Utaweza?" Nikamwambia ukweli: naweza, lakini sina ngazi, sina jukwaa, na juu sijawahi kupaka. Akasema na yeye siku ya kwanza darasani alikuwa hajawahi kufundisha.

Jukwaa la vyuma la kukodi tuliliuliza bei, tukageuka mlangoni. Mshahara wa mwalimu haukuwa wa kucheza nao. Wenye ngazi za kukodisha mjini walikuwa wawili. Wa kwanza alisema ngazi yake imevunjika, na ilikuwa imeegemea ukuta nyuma yake. Wa pili alisema wazi, "Mama, mwanamke akipanda ngazi yangu, kesho mwanamume gani ataikodi?" Nikamwambia akae nayo, ailalie.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi, na vijana sikilizeni, maana wengi wenu mnaacha nyumba ya mama yenu bila rangi mkisema hamna jukwaa. Tazama vilivyomo ndani ya boma. Kwa silingi nilitumia farasi zangu mbili na ubao wa kitanda wa Mwalimu, ule mrefu wa ubavuni, nikauwekea wa pili juu yake ili usipinde. Pipa la maji lililotoboka tulilijaza mchanga hadi nusu. Pipa tupu huyumba, lakini lenye mchanga ni imara, na juu yake nilisimama nikapaka vizingiti vya madirisha. Meza ya jikoni ilibeba debe na brashi. Kreti za soda nilizikataa. Jirani alileta nne, nikamrudishia, kwa sababu kreti juu ya kreti hukaa vizuri mpaka unaponyoosha mkono pembeni. Ndani ya nyumba nilimaliza kwa siku nane, silingi zote, na nilipofikisha brashi kwenye kona ya juu ya sebule nililia. Sioni haya kusema. Miaka mitano nilikuwa nikitazama kona kama ile kutoka chini.

Nje kuta za pembeni zilikuwa fupi, farasi zilitosha. Ilibaki gebo, ile pembetatu ya ukuta inayopanda mpaka chini ya kilele cha paa. Gebo ya Mwalimu ilitazama barabara, kila aliyekwenda Kibabii aliiona. Farasi hazikuifikia. Mwalimu aliazima ngazi kwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na boma la pili kutoka pale. Hakumwambia nani atapanda, naye hakuuliza. Lakini ngazi ni ya kupandia, nimeshasema. Nilitaka mahali pa kusimama.

Kosa lililofuata ni langu, halihusiani na mwiko wowote. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mavuno yameingia. Ghalani kwa Mwalimu kulikuwa na magunia ya aina mbili: mahindi yaliyopukuchuliwa, chakula chake na watoto wake hadi mavuno mengine, na magunzi aliyoweka ya kuwashia moto. Nikaona nipange magunia marundo mawili chini ya gebo na ubao katikati. Niliona vibaya kutoa chakula cha mjane nje, nikachukua ya magunzi. Tena yalikuwa mepesi, nilibeba mawili kwa mkupuo nikajiona nina akili. Nikapanda. Nikapaka mistari kama minne. Nilipojivuta kuelekea kona, magunzi yalibiringika ndani ya gunia, yale ya chini yakatoka upande, ubao ukaenda nami nikaenda nao. Nilianguka juu ya mkono wa kushoto, rangi ikanimwagikia kichwani.

Watoto walipiga kelele. Shemeji alikuja mbio, mzee mrefu wa koti jeusi, akanikuta nimekaa chini nywele nyeupe kwa rangi. Kwanza alinishika mkono akautazama, kwa huruma ya kweli. Kisha akaona ngazi yake, akaona ubao, akaelewa.

"Huyu ndiye alikuwa juu?" akamuuliza Mwalimu.

"Ndiye fundi wangu."

"Basi mwiko umeongea. Mmesikia wenyewe."

Jioni hiyo hiyo habari zilikuwa sokoni. Kufikia Jumamosi zilikuwa Kitale, na mtu aliyetoka huko aliniambia Nyapara amesimama katikati ya yadi akisema, "Si niliwaambia?" Mkono uliniuma, lakini neno hilo liliniuma zaidi. Kama ningeacha pale, ningekuwa mfano. Kila mwanamke ambaye angeomba kupanda baada yangu angeambiwa, unamkumbuka yule wa Bungoma?

Nikarudi kwa Mwalimu alfajiri, mkono umefungwa kitambaa. Nikafungua gunia la magunzi, nikasukuma ngumi ndani, yakabiringika yakaniachia nafasi. Nikasukuma gunia la mahindi yaliyopukuchuliwa. Halikusogea. Punje hukaa, moja inaishika nyingine. Nikamwita Mwalimu asukume mwenyewe.

"Nataka haya," nikamwambia. "Yote."

Alichungulia nje. "Na mvua?"

"Mvua inakuja saa tisa. Nikianza saa mbili, nitamaliza."

"Na usipomaliza?"

"Usipokula mwaka huu, ni mimi nimekunyima. Nakuambia wazi."

Mwalimu alitazama yale magunia. Alikuwa ameyapalilia kabla ya kwenda shule na baada ya kutoka shule, na watoto wake watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Akasema, "Twende tuyatoe."

Wanawake wanne wa jirani walikuja kusaidia kuyaburuta. Tuliyapanga kwa kukatisha, mawili yakielekea huku, mawili yakielekea kule, marundo mawili yaliyonifika kifuani, na upande mmoja tukaacha magunia yakitokeza. Juu tukaweka ubao. Nilipanda kwa ngazi ya Shemeji, ambayo alikuwa hajaja kuichukua, nikaruka juu ya ubao mara tatu wote wakiona. Halikutikisika kitu.

Saa mbili nilianza ukuta upya. Rangi ya ukuta ina sheria: ukianza ukuta, umalize. Ukiacha katikati ikakauka, ukija kuendelea panabaki kovu, mstari unaoonekana hata ukiwa barabarani, na hautoki mpaka upake upya ukuta wote. Kwa hiyo unakwenda ukigusia pale palipo bado na majimaji, haraka bila pupa. Nilipaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushikilia kifuani. Saa sita nilikuwa nimefika nusu ya gebo. Upande wa mlima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mapema.

Nikasikia sauti chini. "Shuka."

Alikuwa Shemeji. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili na wapita njia waliosimama kutazama.

"Nikishuka, Papa, nani atapanda?"

"Yeyote, lakini si wewe. Umeshaonywa mara moja. Mwanamke akipanda nyumba, mwenye nyumba hufa. Si maneno yangu, ni ya wazee."

Nilitaka kumjibu na nilikuwa na maneno tayari, maana maneno hayajawahi kuniishia. Mwalimu akanitangulia. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, shuleni walimsikia kwa sababu walinyamaza. Akaja akasimama mbele ya shemeji yake.

"Shemeji," akasema, "mwenye nyumba hii alikufa. Nilimwosha mimi. Niambie ni mwanamke gani alikuwa amepanda."

Mzee aligeuka akatazama ngazi yake. Nilimwona uso wake kutoka juu, na sikufurahi, kwa sababu marehemu alikuwa mdogo wake na uchungu ulimrudia mbele ya watu. Lakini sikushuka pia.

Mwishowe alisema, "Ngazi ni yangu."

"Ni yako, Papa," nikamwambia. "Ichukue."

Akaichukua. Akaiweka begani, lakini hakuondoka, alibaki amesimama pale pale. Nami nikatumbukiza brashi debeni, ikagusa chini. Rangi imeisha. Debe lililojaa lilikuwa chini kwenye nyasi, ukingo wa rangi yangu ukutani unakauka nikiuona, na mkono mmoja usiofaa haukuniruhusu kushuka na kupanda na debe. Nikaita, "Mwalimu, rangi!"

Mwalimu alitazama ngazi begani kwa shemeji yake. Akavua viatu. Akakunja gauni akalibana kiunoni, akashika debe, akaweka mguu juu ya gunia la kwanza lililotokeza, kisha la pili, akapanda juu ya mahindi yake mwenyewe hadi akanifikia. Sikuwa nimemwomba apande, nilidhani ataninyooshea tu. Alisimama juu ya ubao kando yangu, mkono mmoja umeshika ukuta mkavu wa nyumba yake.

"Endelea," akaniambia. "Mimi nitashika debe."

Hakushuka tena mpaka kilele. Tulikwenda pamoja, mimi napaka, yeye anasogeza debe, watu wanatazama. Sijui Shemeji aliondoka saa ngapi. Nilipogeuka hakuwepo, na ngazi haikuwepo. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunaburuta gunia la mwisho. Hilo lililowa chini kidogo, tukalianika kesho yake, mahindi yakapona.

Wiki mbili baadaye Kontrakta alikuwa na kazi Bungoma, nikamtumia salamu. Alisimama barabarani akatazama gebo, akasogea, akapandishwa kwenye farasi atazame kwa karibu. Alikuwa anatafuta kovu. Hakulipata.

"Wewe simama juu ya nini?"

"Juu ya mahindi, Mzee."

Akaniuliza mara mbili, akadhani hajasikia vizuri. Barua aliiandika pale pale kwenye meza ya Mwalimu. Mtahini wa gredi alikuwa mwanamume kijana mwenye tai. Alisoma barua, akanitazama, akaniuliza kama mume wangu yu hai. Nikamwambia yuko nje ananingoja na baiskeli, atoke amsalimie. Nilifaulu. Nyapara nilikutana naye Kitale mwaka uliofuata akaniambia cheti ni karatasi tu. Nikamwambia afadhali, kwa sababu mwiko wake haujaandikwa hata kwenye karatasi.

Miaka ya tisini nilikuwa na kikundi changu, wanawake sita, tukifanya kazi Bungoma, Kimilili na Kitale yenyewe. Jukwaa la vyuma hatukulinunua kamwe. Tulikuwa na farasi kumi za mabaki ya mbao, miti ya mikaratusi tuliyoifunga kwa kamba ya katani, na popote tulipofika swali letu la kwanza kwa mwenye nyumba lilikuwa, mama, ghalani kuna nini? Walituita majina. Walisema waume zetu watakwisha. Wengine walikufa kweli, kama wanaume wote wanavyokufa, na wa kwangu alikufa mzee kitandani mwake. Na kwenye mazishi bado kulikuwa na mtu aliyenong'ona kuhusu ngazi. Nilimwendea nikamwambia aseme kwa sauti watu wasikie.

Sasa nyinyi mnaosoma, mnaniuliza kama najuta. Najuta miaka mitano ya Kitale niliyopaka chini ya mstari wa mtu mwingine. Ningeondoka mwezi wa kwanza. Hilo tu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Kitale, silingi ya nyumba moja karibu na soko. Magoti yalikuwa yameanza kunikatalia. Nafula, niliyefanya naye kazi miaka saba, aliniona nikishika ukuta akanyamaza, ananijua. Mwenye nyumba hakunyamaza. Alitokea mlangoni, akapaza sauti, "Mama, umezeeka, shuka utaanguka!" Nikamuuliza kama silingi ni yake au magoti ndiyo yake. Nikaipaka mpaka kona ya mwisho, polepole, nikaikagua yote kutoka huku mpaka kule. Ndipo nikashuka, nikaosha brashi yangu, nikamwambia Nafula kuanzia kesho juu ni kwake.